Kochi la Fatmabai Siku ya Uhakiki

Jumamosi, saa tatu za asubuhi, Bi Mwanakheir alikuwa ghorofa ya tatu, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akichagua vijiwe kwenye ufuta, shemegi yake wa Tumbatu alipobisha hodi mlango wa chini. "Karibu! Karibu ndani!" akaitikia, kisha akaondoa ndoo iliyokuwa imeziba njia, maana kochi litataka kupita.

Kochi likapita. Lilikuwa la mahameli nyekundu, la watu watatu, lenye miguu ya msaji iliyochongwa kama makucha ya simba. Lilitoka chumbani kwa Fatmabai, ghorofa ya kwanza, likapanda kwa ubavu kwa kuwa ngazi za nyumba ile ni nyembamba na lilishajifunza, likaingia kwa Bi Mwanakheir, likajisogeza chini ya dirisha, likatulia. Nyuma yake vikaja vikombe sita vya ukingo wa dhahabu pamoja na sinia lao, halafu saa ya ukutani, ambayo ilijitundika yenyewe kwenye msumari wake. Shemegi alipofika juu, anatweta, alikuta kila kitu kimeshakaa mahala pake. Akakaa na yeye. Friji halikuja. Friji la Fatmabai lilikuwa zito na halikuwa likijisumbua kwa mashemegi.

Mambo hayo yalianza miaka minane nyuma, alipofariki Himid, mume wa Bi Mwanakheir. Chumba kilikuwa na mkeka mmoja na watu wa kuja kuhani walikuwa wengi, kwa hiyo Fatmabai akaazima kochi lake. Lilipandishwa siku ya mazishi, likateremshwa. Likapandishwa siku ya tatu, likateremshwa. Na siku ya arobaini, wapagazi walipochelewa, lilipanda lenyewe. Fatmabai hakulalamika. Alisema marehemu mumewe, aliyelinunua kochi hilo, alikuwa hivyo hivyo: hawezi kusikia mgeni kwa jirani akabaki amekaa.

Baada ya hapo likawa la mtaa mzima. Lilikuwa na masharti yake. Halikuondoka kwa "Nani?" wala kwa "Ngoja nnakuja." Liliondoka kwa "Karibu", na hiyo karibu itoke kinywani mwa mwenye nyumba. Mgeni akishaaga, lilikuwa likibakia kidogo kwa adabu, isije ikaonekana lilikuwa linamngojea aondoke, ndipo lishuke. Manung'uniko ya majirani yalikuwa ya kawaida: linakwangua chokaa ya ukutani, na halifuti miguu.

Chokaa yenyewe haikuwa ya kulilia. Nyumba hiyo iko Sokomuhogo, ndani ya Mji Mkongwe; ni ya mawe, ina mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba, na watalii husimama kuupiga picha. Warithi wake wako Maskati na hawasemezani tangu mwaka tisini na moja, kwa hiyo hakuna aliyeitia hata ndoo moja ya saruji. Kaya tano zinakaa humo, kila moja na chumba chake na uvujaji wake.

Bi Mwanakheir alikuwa kwenye orodha ya mradi wa kusaidia kaya maskini. Kila baada ya miezi miwili pesa ziliingia kwenye simu yake, moja kwa moja, bila ya mtu kati. Hazikuwa za kujengea msikiti, lakini zilikuwa zikija. Kabla yake, alikuwa akinunua unga wa ngano kibaba kwa kibaba dukani kwa Borafya, chini ya nyumba, na kibaba bei yake ni ya mtu asiyekuwa na hila. Mikate ya ufuta aliyoichoma ilikuwa ikimnenepesha Borafya kabla haijamfikia mlaji. Malipo ya kwanza alinunua polo zima, la kilo hamsini, likapandishwa ngazi na watu wawili huku Borafya akilitazama kama mtu anayeshuhudia posa yake ikirudishwa. Malipo ya pili akanunua jiko kubwa la mkaa na kigae cha pili, akawa anachoma mikate miwili kwa pamoja. Ya tatu yakawa turubali, likafungwa kwenye boriti pale ambapo dari ilikuwa imeacha kuwa dari. Ikafika mahala siku ya Jumatatu anajua Alkhamisi watakula nini.

Na kulikuwa na Nassra, mwanawe, miaka kumi na minne, mwenye maradhi ya selimundu. Maradhi hayo yanataka vidonge kila siku na kwenda kliniki kila mwezi. Zamani vidonge vilikuwa vikinunuliwa vinapopatikana, na Nassra alikuwa akilazwa kila mara, amejikunja kama kamba wa kukaanga kwa maumivu ya mifupa. Tangu pesa zianze kuja alikuwa hajakosa kidonge na hajalazwa, mwaka na nusu sasa. Alikuwa ameshafikia kuchelewa skuli kwa uvivu wake mwenyewe, kama watoto wa watu wengine, na mama yake akimgombeza kila asubuhi kwa furaha kubwa.

Siku ya Jumatatu, Sheha Mmanga alipita mlango kwa mlango akitangaza uhakiki. Mtu wa mradi atakuja Jumatano, ataingia kila nyumba, ataangalia hali. Kaya itakayoonekana hali yake imeshakuwa nzuri itahitimu.

"Itahitimu maana yake nini, sheha?" Bi Mwanakheir aliuliza.

"Itatolewa."

"Si ungesema itatolewa?"

"Mimi nimepewa neno hilo, bibi," sheha akasema. "Silibadilishi."

Bi Mwanakheir hakuogopa unga wake wala jiko lake. Vitu hivyo alivinunua kwa hizo hizo pesa na yuko tayari kuvionyesha. Aliogopa kochi. Akashuka ghorofa ya kwanza. Fatmabai alikuwa amekaa juu yake, anashona kofia.

"Fatmabai, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kwako na kwa kochi lako. Jumatano lisije kwangu. Nnakuomba sana."

"Arre, Mwanakheir, unaniambia mie? Nimeshalisema mpaka nimechoka. Linanisikiliza vizuri, halafu linafanya lake. Marehemu alikuwa hivyo hivyo."

Bi Mwanakheir akachutama, akalikabili kochi penye mkono wake wa kulia, akalieleza. Alilieleza habari ya Nassra na vidonge, habari ya polo na kibaba, na kwamba siku hiyo moja tu adabu ni kubakia kwako. Kochi lilitulia muda wote, kama linavyotulia siku zote mtu akiwa analikalia.

Jumatano asubuhi, liliporudi kutoka kwa majirani, wakalifunga. Fatmabai alitoa kamba ya katani iliyokuwa ikifungia masanduku ya mumewe, wakalizungusha mara nne na kulikaza kwenye nondo za dirisha. Friji wakaliegemezea kabati. Saa wakaifunika na taulo, ili isione.

Nassra alisimama mlangoni akiwatazama. "Kamba si kitu, Mama. Wewe usiseme karibu, basi."

"Sitosema."

"Utasema."

"Mtoto we, nimekwambia sitosema."

"Mwezi uliopita umemwambia karibu mtu wa umeme aliyekuja kutukatia. Akanywa chai, akala mkate, akakata."

"Yule alikuwa na kikohozi," Bi Mwanakheir akasema, akakaza fundo.

Mtu wa mradi alifika baada ya adhuhuri, jua likiwa katikati ya uchochoro. Jina lake Abrahman. Alikuwa kijana mwembamba, shati limemganda mgongoni, na mkononi ana kishikwambi ambacho majibu yote yalikuwa yakiingizwa humo. Bi Mwanakheir alikuwa ameshateremka kumngojea. Alisimama kati ya mlango wa kuchonga, mkono mmoja kwenye nguzo na mwengine umekamata ncha ya kanga.

"Asalaam aleikum. Hodi hapa."

"Waaleikum salaam."

Abrahman akangoja. Bi Mwanakheir naye akangoja. Neno linalofuata hapo halikufuata. Kule juu kwenye kona ya ngazi, Nassra alikuwa ameziba mdomo wake kwa viganja viwili kumwonyesha mama yake namna ya kufanya.

"Shikamoo, mama," Abrahman akasema mwishowe.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazee hawajambo?"

"Hawajambo. Mama tu, miguu inamsumbua. Yuko Mangapwani."

"Mpe pole sana. Niulize hapa hapa, nitakujibu. Nnakusikia vizuri."

Maswali ya mwanzo yalijibika mlangoni. Ukuta ni wa mawe? Abrahman akautazama, akabonyeza. Nyumba ina ghorofa ngapi? Akazihesabu kwa macho, tatu, akabonyeza. Mlango ni wa mbao za aina gani? Akaugusa msumari mmoja wa shaba, akaguna, akabonyeza.

"Maswali haya yametungwa kwa watu wa mashamba," akasema, kama anayeomba radhi. "Ukiwa na ukuta wa mawe, wewe tajiri."

"Njoo uutazame kwa ndani unavyo..." Bi Mwanakheir akajikamata. "Endelea, mwanangu."

"Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Alhamdulillah, tunakula."

"Mashine inataka namba."

Bi Mwanakheir aliona aibu. Mlo wa mtu hauhesabiwi mlangoni, na Borafya alikuwa ameshatoa kichwa nje ya duka lake. "Wewe unakula mara ngapi?" akauliza.

"Mimi? Mara mbili."

"Basi tuandike na sisi kama wewe."

Abrahman akaandika. Kisha kishikwambi kikakataa kwenda mbele. Kilitaka picha ya chumba, kwa ndani. Abrahman akainua macho. Hakusema "naomba kuingia," kwa sababu si jambo la kuombwa; mtu hubisha hodi na hukaribishwa. Akasimama juani. Bi Mwanakheir akasimama kivulini. Redio ya Borafya ilipunguzwa sauti. Jasho lilimteremka Abrahman sikioni likaingia kwenye kola. Akahamisha kishikwambi mkono wa kushoto, akaegemea mlango, midomo yake imeota ukoko mweupe.

"Samahani, mama. Nimeanza saa moja ya asubuhi. Huko nyuma kuna pahala nilipewa chai, lakini ya moto."

Bi Mwanakheir akatia ncha ya kanga mdomoni, akaiuma. Alifikiri vidonge vya Nassra. Alifikiri polo. Alimfikiria pia mwanamke asiyemjua, huko Mangapwani, amenyoosha miguu yake mibovu, anahadithiwa na mwanawe kwamba mjini yuko mama mtu mzima, Mtumbatu, alimwacha juani mlangoni kwake kama mkusanya madeni. Akaitema kanga.

"Karibu ndani, mwanangu, unywe maji."

Nassra akakaa juu ya ngazi, akashika kichwa.

Wakawa wameshafika ghorofa ya kwanza waliposikia chuma kinachomoka. Kochi lilikuwa limefungwa kwenye nondo za dirisha. Likaja na nondo. Abrahman akajibana ukutani kulipisha, na Bi Mwanakheir naye, na kamba ya katani ikapita ikiburura vyuma vyake ngazi kwa ngazi. Fatmabai alitokeza kichwa mlangoni. "Nisamehe, Mwanakheir," akasema. "Nimelikalia kwa nguvu zangu zote, likanimwaga."

"Hili nimeliona kwenye nyumba ya kijani, asubuhi," Abrahman akasema. "Na nyumba ya pili kutoka hapo. Na mtaa wa nyuma."

"Ndilo hilo hilo," Bi Mwanakheir akasema.

"Kumbe linakwenda mbio."

Vikombe vikawapita, na sinia, na saa, ambayo taulo lilikuwa bado limeikaa begani. Halafu likaja friji. Halikuwa limewahi kupanda kwa shemegi, wala kwa kadhi aliyekuja kusoma hitima, lakini mtu wa mradi lilimwona anastahiki. Lilipanda ngazi moja moja, likitua kwenye kila pembe ya ngazi na kunguruma. Lilipofika juu lilikuwa la mwisho, na ndani yake mlikuwa na maji baridi. Abrahman alikunywa gilasi tatu, moja baada ya moja, amekaa juu ya kochi, mahali pekee pa kukaa. Bi Mwanakheir akamtilia chai kwenye kikombe cha ukingo wa dhahabu na akamkatia mkate wa ufuta wenye moto. Kochi lilishaingia, na kumnyima chai kusingelitoa.

Alipokwisha kula, Abrahman akawasha kishikwambi chake.

"Mwanangu, umeliona kwa macho yako linapanda," Bi Mwanakheir akasema.

"Nimeliona, mama. Nimelipisha."

"Basi si langu."

"Najua si lako. Lakini hapa pana 'lipo' na 'halipo'. Sasa hivi lipo. Nimelikalia."

"Si uandike kwamba limekuja kutembea?"

"Hakuna pa kuandika hivyo. Nishawauliza ofisini. Wameniambia niandike kwenye maoni, na sehemu ya maoni inachukua herufi ishirini tu." Akazihesabu kwa vidole. "'Kochi limekuja kutem.' Hapo inakata."

"Na friji?"

"Friji lipo."

"Hata halikuchomekwa umeme. Sisi umeme hatuna, tumekatiwa!"

"Umeme uko ukurasa mwengine, mama, nimeshaupita. Hakirudi nyuma hiki." Akatazama sakafuni. "Hizi nondo ni zenu?"

"Za dirisha la Fatmabai."

"Zimo chumbani," Abrahman akasema kwa masikitiko ya kweli, akabonyeza. Akapiga picha ya chumba. Turubali halikutokea kwenye picha, kwa sababu friji lilikuwa limesimama mbele yake.

Wiki mbili baadaye simu ya Bi Mwanakheir ililia. Nassra akausoma ujumbe kwa sauti. "Hongera! Kaya yako imehitimu. Tunakutakia maisha mema ya kujitegemea." Chini yake palikuwa na mchoro wa mikono inayopiga makofi.

"Hebu soma tena," mama yake akasema.

Nassra akasoma tena. Haukuwa umebadilika.

Jumatatu iliyofuata Bi Mwanakheir alivaa buibui lake la kutokea, akenda ofisi ya mradi kukata rufaa. Akapangwa foleni dirisha la malalamiko. Bibi aliyekuwa nyuma ya dirisha alikuwa mzuri, ananukia udi, na nyuma yake ukutani palikuwa na bango kubwa la rangi: familia ya nyumba ya kijani, imekaa juu ya kochi la Fatmabai, inacheka. Bi Mwanakheir akaeleza. Bibi yule alisikiliza bila ya kukatiza. Habari za kochi alikuwa ameshazisikia kwa wengine.

"Lete risiti kwamba kochi ni la huyo Fatmabai."

Bi Mwanakheir alikuwa nayo. Ilikuwa ya mwaka sabini na nne, imeandikwa Kigujarati, na wino wake umekuwa rangi ya chai. Bibi akaigeuza juu chini.

"Tuseme ni lake," akasema. "Kwa nini basi lionekane kwenye kaya saba?"

"Lina adabu."

Bibi akaandika: *lina adabu*. Kisha akaweka kalamu chini. "Sikiliza, dada yangu. Ripoti imeshakwenda. Kaya saba za Sokomuhogo zimejinunulia makochi saba mekundu na mafriji saba. Wafadhili wamefurahi sana. Sasa mimi niende nikawaambie ni kochi moja?"

"Ndiyo. Ni moja."

"Linalotembea."

"Ndiyo."

Bibi yule alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alimpigia muhuri fomu yake. "Watakuja wajumbe watatu, Alkhamisi, wakague upya. Wakikuta chumba hakina kitu, utarudishwa. Kazi ni kwako."

Kazi ikawa kwake kweli. Mpaka Alkhamisi inafika, Bi Mwanakheir alikuwa ameshamjua adui yake, naye ni mdomo wake mwenyewe. Kamba hakuitia tena. Aliposikia viatu vya wajumbe uchochoroni alikunywa funda kubwa la maji asilimeze, mashavu yamemvimba, akakaa juu ya ndoo katikati ya chumba kitupu. Mlango wa chini aliuacha wazi kabisa. Chumba cha juu nacho wazi. Mtu angeweza kuingia, akapanda, akatazama turubali, mkeka na jiko, akashuka.

"Hodi!" wajumbe wakaita.

Bi Mwanakheir akatazama ukuta.

"Hodi nyumba hii!"

Machozi yalianza kumtoka. Nassra akamshika bega.

"Hodi, jamani, wenyewe!"

Wajumbe walikuwa watu wazima waliofunzwa adabu na wazee wao. Hodi ni tatu. Isipoitikiwa, mtu huenda zake, na mlango kuwa wazi si ruhusa. Wakakaa kidogo, wakapangusa nyuso, wakaondoka. Kwenye fomu yao wakaandika kwamba kaya haikupatikana na rufaa imefungwa. Ghorofa ya kwanza, kochi halikusogea hata kidole kimoja.

Bi Mwanakheir akameza maji.

"Ungeshuka, Mama," Nassra akasema, "ukawapungia mkono waingie. Mdomo umefumba."

"Nikawatazame watu machoni nisiwasemeze? Mimi ni mbuzi?"

"Sasa je?"

"Sasa hakuna je," Bi Mwanakheir akasema. Akachukua fagio akafagia chumba ambacho hakikuwa na taka.

Polo lilipokwisha alirudi kwenye kibaba. Borafya alimpokea kwa heshima. "Karibu tena, jirani, tulikukosa," akamwambia, na kochi likatoka, likafika hadi kizingitini mwa duka, likaona ni duka, likarudi. Kigae cha pili kiliwekwa uvunguni, maana unga wa kibaba hautoshi kuchoma mikate miwili kwa pamoja. Vidonge Nassra akawa anakula siku moja, anaruka moja. Kisha anaruka mbili. Alikuwa anaamka mapema kwenda skuli bila ya kugombezwa, na mama yake hakulipenda hilo.

Siku ya Ijumaa, mchana, maumivu yakamwanza miguuni, yakapanda mgongoni. Alilazwa siku tano. Aliporudi nyumbani alikuwa amepungua, uso wote umekuwa macho, na mtaa mzima ukapanda kuja kumtazama. Walikuja wa nyumba ya kijani, ambao nao walikuwa wamehitimu. Alikuja Sheha Mmanga. Alikuja Borafya, amechukua kilo moja ya sukari na uso umemshuka. Karibu ilifuatana na karibu, na kochi halikupata nafasi ya kushuka. Lilikaa juu siku sita mfululizo, na friji, ambalo kwa mgonjwa lilikubali kujisumbua, likakaa nalo. Fatmabai alivumilia kukaa sakafuni siku mbili, ya tatu akapanda na sindano zake, akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa juu ya kochi lake kama mgeni.

Siku ya sita alikuja Abrahman. Alikuwa na machungwa kwenye mfuko, na hana kishikwambi. Akavua viatu mlangoni, akamsalimia Fatmabai, akamsalimia Bi Mwanakheir, akakaa ukingoni mwa kochi.

Nassra alifungua jicho moja. "Umekuja kuhakiki kama naumwa kweli?"

"Nassra!" mama yake akasema.

"Mwache, mama. Sikuja kikazi, Nassra. Nimesikia kwa sheha, nimekuja kukutazama."

"Basi nitazame, uandike: mgonjwa yupo."

"Sehemu ya wagonjwa imo," Abrahman akasema. "Lakini ni ya walio kwenye orodha."

"Na orodha inafunguliwa lini?" Bi Mwanakheir akauliza. Alikuwa amempa mgongo, anamtilia chai.

"Baada ya miaka mitatu. Wafadhili wakijaaliwa."

Fatmabai aliendelea na tundu zake za kofia. Bi Mwanakheir akamwekea Abrahman kikombe, akamkatia mkate. Ulikuwa mdogo kuliko wa siku ile, na Abrahman aliuona ni mdogo, akautafuna polepole ili usiishe upesi, kisha akatazama kidogo kwenye kikombe.

"Mama, mimi hii kazi mwezi ujao nilitaka kuiacha."

"Uiache ule nini?"

"Ndiyo maana siiachi."

Nassra akageukia ukutani, akakunja magoti yake, akangoja. Alikuwa na namna yake ya kungoja maumivu yapite, kimya, kidole kimoja kinakwaruza chokaa. Watu wote chumbani wakangoja naye. Yalipopita akanyoosha miguu, na Abrahman akaweka kikombe kwenye sinia na kusimama.

Bi Mwanakheir alikuwa ameshafunga mkate mwengine kwenye gazeti. "Mpelekee mama Mangapwani."

"Mama, la, tafadhali. Unga wenyewe..."

"Nimekuuliza habari ya unga? Chukua."

Akachukua. Mkononi ulikuwa bado wa moto. Bi Mwanakheir akamsindikiza mpaka penye ngazi, na pale Abrahman akasita, mguu mmoja chini, mmoja juu.

"Orodha ikifunguliwa, inshallah ni mimi nitakayetumwa tena huku," akasema. "Nikija, nnakuomba sana, usinikaribishe."

Bi Mwanakheir alilifikiri jambo hilo kwa makini, kutoka pande zote.

"Usije mchana wa jua," akasema.

Abrahman akashuka. Friji, lililokuwa limeona wageni wanapungua na limeshaanza kuteremka, lilimpisha kwenye pembe ya ngazi. Kisha mlango wa chini ikasikika hodi nyengine, sauti ya mwanamke, mgeni wa mbali, na Bi Mwanakheir akaitikia. Friji likasimama. Likanguruma kidogo, likageuka, likaanza kupanda tena.